Cheti cha uwindaji Wisconsin kwa asiyewahi kushika bunduki: darasani au mtandaoni?

#1 Mwana_Uvira

Habari zenu wakuu. Niko Oshkosh, Wisconsin, nafanya kazi kiwandani. Wenyeji wa huku ikifika Novemba hawashikiki. Kuna siku 9 za kuwinda kulungu kwa bunduki, zinaanza Jumamosi kabla ya Thanksgiving, na wiki hiyo kila mtu anaomba ruhusa, tunabaki sisi wageni na mashine. Mwaka huu mzee mmoja tunayefanya naye kazi amenialika shambani kwake tukawinde pamoja. Nimeenda kuulizia leseni, nikaambiwa aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baada ya hapo lazima kwanza awe na cheti cha mafunzo ya usalama.

Nikiuliza cheti kinapatikanaje, kila mtu ana lake. Mmoja anasema fanya mtandaoni, ni jambo la jioni moja. Mwingine anasema darasani. Mzee wangu mwenyewe anasema nisijisumbue, mwaka wa kwanza naweza kwenda chini yake bila cheti, mwakani ndiyo nisome.

Bunduki sijawahi kushika. Kule kwetu mwenye bunduki tulikuwa tunamkimbia, hatukuwa na muda wa kumuuliza inavyofanya kazi. Na Kiingereza changu ni cha kazini, cha vitabuni bado. Wenye uzoefu naomba mnisaidie.

#2 Kitwana_Oljoro

Mkuu fanya mtandaoni, usipoteze Jumamosi zako. Mimi niko Texas, nilimaliza kozi nzima huku naangalia mpira. Maswali yenyewe ni ya kuchagua, ukikosa unarudia. Hiyo karatasi ni ya kukufungulia mlango wa leseni tu.

#3 Nyika254

Sisi Wakenya hapa ni wasikilizaji tu. Uwindaji kwetu ulipigwa marufuku 1977, mimi swara namjua wa kupiga picha. Endeleeni wasee, nimekaa kiti cha nyuma.

#4 Babu_Dungu

Mwana_Uvira, karibu, na umefanya vizuri kuuliza mapema. Wengi huamka msimu ukiwa mlangoni, madarasa yameshajaa, ndipo wanapokimbilia mtandaoni kwa kukosa pa kwenda.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora, naishi upande wa Green Bay, na huwa nawasaidia wakufunzi wa huku kwetu: kupanga viti, kubeba bunduki za mazoezi, kusimama na wanafunzi kwenye uwanja wa shabaha. Nasema ninayoyaona.

Jibu fupi. Ukiwa na miaka 18 na kuendelea, Wisconsin inakuruhusu kumaliza yote mtandaoni, na cheti ni kilekile. Aliye chini ya 18 hakwepi kuonana na mkufunzi. Lakini wewe umesema hujawahi kushika bunduki. Nenda darasani.

Utaratibu wenyewe: unafungua namba ya mteja kwenye mfumo wa Go Wild wa DNR, yaani Idara ya Maliasili ya jimbo. Bila namba hiyo huandikishwi. Kisha unatafuta darasa lililo karibu nawe kwenye orodha yao. Ada ni dola 10 na bunduki za mazoezi unazikuta hukohuko. Mwambie mkufunzi mapema hali ya Kiingereza chako. Hawa ni watu wa kujitolea, wengi ni wastaafu, wana subira kuliko unavyodhani. Ukipata cheti hakiishi muda, na majimbo mengine yanakitambua. Ukihamia Minnesota kesho hurudii.

Watu hushangaa bei. Kuna sheria ya shirikisho ya 1937, Pittman-Robertson, inayotoza watengenezaji ushuru wa asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi. Fedha zinarudi majimboni kwa ajili ya wanyamapori, na kwa marekebisho ya 1970 zikaruhusiwa kulipia mafunzo ya wawindaji. Kila boksi la risasi linalouzwa limeshachangia kiti chako darasani.

Na mafunzo yenyewe si mapambo. Yalipoanza hapa mwaka 1967, watu 44 walikuwa wanaumizwa kwa kila wawindaji 100,000. Yalifanywa lazima mwaka 1985. Siku hizi ni chini ya 4. Sehemu ya sifa ni ya zile nguo za machungwa, siwezi kuwanyima, ila nguo haimfundishi mtu kidole chake kikae wapi.

#5 Kitwana_Oljoro

Mzee shikamoo, lakini hapo unatutisha. Nimepita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa kule Tanzania, SMG nilikuwa naifungua na kuifunga gizani. Leo nikaambiwe na mstaafu wa kizungu "bunduki ni hatari"? Kozi ile ya mtandaoni yenyewe niliona kama ya watoto.

#6 Dada_Riziki

Kitwana, kaka yangu, kwani nani amesema hujui kufungua bunduki?

#7 Babu_Dungu

> Kitwana_Oljoro alisema: SMG nilikuwa naifungua na kuifunga gizani

Marahaba. Naheshimu JKT, na kweli ukija darasani utatushinda wengi kwenye kufungua na kufunga. Lakini kumbuka pale kambini ulikuwa unapiga vipi. Mmelala mstari mmoja, wote mmeelekea upande mmoja, mbele yenu kuna tuta la udongo. Nyuma yenu kuna afande anayesema jaza, piga, acha, kagua. Kazi ya kuamua ilikuwa ya afande. Wewe ulikuwa na kazi ya kulenga.

Sasa uje huku Novemba. Mko watatu mnatembea sambamba kwenye majani makavu, mmeachana hatua kadhaa. Kulungu anaibuka katikati yenu, anakata kulia. Bunduki yako inamfuata. Nani atasema acha? Mwili wako wote unataka kufyatua, mapigo ya moyo unayasikia masikioni, na mwenzako wa kulia yuko hatua chache kutoka pale mdomo wa bunduki unapoelekea.

Kwa hiyo darasani tunawapanga watu watatu ukumbini na bunduki tupu, tunawaambia kila mmoja atazame mbele, anyooshe mikono pembeni na vidole gumba vikiwa juu, kisha airudishe polepole kuelekea mbele mpaka avione vizuri vidole gumba vyote viwili bila kuhamisha macho. Hapo ndipo mpaka wake. Wa katikati anapiga mbele tu, wa kushoto mbele na kushoto, wa kulia mbele na kulia. Mnyama akivuka mpaka, si wako tena, hata awe na pembe kama mti. Halafu tunatembea, mtu mmoja anabaki nyuma kidogo kufunga kiatu, na tunawauliza: mipaka yenu sasa iko wapi? Hapo ukumbi mzima unakaa kimya, hata waliokulia kwenye mashamba haya. Mtandaoni utaona mchoro wa jambo hilohilo, utabofya jibu sahihi na kuendelea.

Ajali nyingi za msitu wa huku hazitokani na mgeni asiyejulikana. Anayepigwa mara nyingi ni mwenzako wa kundi moja, au wewe mwenyewe kwa bunduki yako. Na ule uwindaji wa kufukuza, ambapo kundi moja linaswaga kulungu kutoka kichakani na lingine linangoja upande wa pili, ndio unaotisha kuliko wote kwa mtu mgeni. Kabla hujakubali kusimama kwenye mstari, ujue kila mtu yuko wapi, na ujue hatapigwa risasi mnyama aliye kati ya wanaofukuza na wanaongoja. Mwenyeji akikuambia "tutaelewana hukohuko", baki nyumbani unywe chai.

#8 Mwana_Uvira

Mzee asante sana. Hilo la kunyoosha mikono nimelijaribu hapa sebuleni, mke wangu ananiangalia tu.

Hizo kanuni zenyewe ni ngapi? Nianze kuzishika.

#9 Babu_Dungu

Ni nne, na Wisconsin wanazifundisha kwa kifupi cha TAB-K, herufi za mwanzo za kanuni hizo kwa Kiingereza. Utaulizwa mpaka uzione ndotoni.

Kila bunduki ichukulie kuwa ina risasi. Hata niliyokukabidhi sasa hivi nikikuambia haina. Fungua bolti, yaani komeo la bunduki, angalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho, ingiza na kidole kidogo.

Mdomo wa bunduki uelekee upande salama muda wote. Upande salama hubadilika. Ndani ya nyumba ya ghorofa juu si salama, kwenye mwamba chini si salama kwa sababu risasi hudunda.

Uwe na uhakika na unachokipiga, na kilicho mbele yake na nyuma yake.

Kidole kikae nje ya kikingio cha triga mpaka umeamua kupiga.

Sasa niseme zaidi juu ya ile ya tatu, maana nyingine mkono unazizoea baada ya muda, ile haizoeleki. Risasi ndogo ya .22, ile ambayo watu huku wanawapa watoto kupigia makopo, inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Risasi ya kulungu kama .30-06 inavuka kilomita 4. Sasa kulungu amesimama juu ya mgongo wa kilima, nyuma yake ni mbingu tupu, amekupa ubavu, umbali ni mzuri. Hupigi. Hujui chini ya kilima kuna nini, na risasi ikimkosa au ikimpita haitarudi kukuuliza. Kulungu huyohuyo akishuka hatua chache ukaona udongo nyuma yake, hapo ni mazungumzo mengine.

Au umeona kitu cha rangi ya udongo kinatikisika kwenye kichaka alfajiri. Masaa ya kupiga yanaanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza, kwa hiyo mwanga upo kisheria, lakini macho yako yanaona anachokitaka moyo. Wapo watu waliopiga sauti. Wapo waliopiga rangi. Ndiyo maana ni kosa kubwa kutumia darubini ya bunduki kuchungulia: ukiinua kutazama "ni nini kile", umeshamlenga mtu. Nunua darubini ya kawaida, ya shingoni.

Na nguo: kwenye msimu wa bunduki, angalau nusu ya vazi lako la nje kuanzia kiunoni kwenda juu iwe ya machungwa inayong'aa. Kofia ukivaa, nayo vilevile. Tangu 2016 waridi inayong'aa inakubalika pia.

#10 Dada_Riziki

Niongeze la upande wangu, mimi niko Madison. Nilisoma mtandaoni kwanza, nikafaulu vizuri tu. Baadaye nikaenda darasani na binti yangu kwa sababu yeye alikuwa chini ya 18, wakasema mzazi karibu naye ajaribu.

Kuna zoezi la kuvuka uzio wa seng'enge. Nilijua jibu: unatoa risasi, unaacha bolti wazi, unaipitisha bunduki chini ya uzio mdomo ukielekea mbali nawe, unavuka ukiwa umeachana nayo, kisha unaichukua kutokea upande wa kitako. Mkiwa wawili mmoja anashika bunduki zote huku mwingine anavuka. Jibu nililijua. Lakini nikiwa na koti zito, glavu, na seng'enge imenasa mfuko, mikono yangu ilikuwa inafanya mambo ambayo kichwa hakikuiagiza. Mkufunzi alinisimamisha kwa upole, nikaanza upya.

La pili ni risasi za shotigani. Wakatuonyesha mtutu uliopasuka, umefunguka kama ua. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na risasi ya geji 20 ni nyembamba kuliko ya geji 12. Ukiiingiza kwenye bunduki ya geji 12 inateleza, inapita chemba na kukwama ndani ya mtutu. Wewe unaona hakuna kitu kimelia, unafikiri ulisahau kujaza, unaweka ya geji 12 nyuma yake. Ukifyatua, mtutu unapasukia kwenye mkono wako. Ndiyo maana za geji 20 zinatengenezwa za njano. Usichanganye mfukoni, na kabla ya kujaza soma maandishi ya ubavuni mwa mtutu na ya kwenye kitako cha risasi. Unaweza kuyasoma haya kwenye simu, ila ule mtutu ukiupapasa hutausahau.

#11 Kitwana_Oljoro

Dada hapo kwenye geji nimeelewa, hiyo hata mimi sikuipa uzito. Ila bado nasema kwa mtu aliyeiva kama mimi mtandaoni inatosha kisheria. Texas yenyewe wanasema 17 na kuendelea ruksa.

#12 Dada_Riziki

Kisheria hakuna anayekubishia kaka. Mwuliza swali ndiye hajawahi kushika.

#13 Chuo_Kwanza

Samahani kuingilia. Mimi ni mwanafunzi, nina viza ya F-1. Rafiki zangu wanaenda uwanja wa shabaha wikiendi, wameniambia bunduki ni zao, mimi nishike tu na kujaribu. Kuna tatizo? Na je, cheti hiki naweza kukisomea?

#14 Mkalimani_wa_Mahakama

Kijana simama hapohapo. Nafanya kazi ya ukalimani, si mwanasheria, lakini hili nimeliona likiwaumiza watu.

Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya muda kumiliki au kuwa na bunduki au risasi mkononi. Haijalishi bunduki ni ya nani. Kuna misamaha michache, na mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kwa hiyo kwako mpangilio una maana kubwa. Kozi yenyewe ya mtandaoni haina bunduki, isome. Pata cheti, kata leseni ya uwindaji, iweke mfukoni, na hakikisha muda wake haujaisha. Na kabla ya kugusa chochote ongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako au wakili wa uhamiaji. Kosa la bunduki linaweza kukuondoa nchini.

Mwenye grinikadi na aliyepokewa kama mkimbizi hawamo kwenye katazo hilo la viza. Asiye na hati yoyote yumo kwenye katazo, na leseni ya uwindaji haimsaidii. Pia aliyewahi kuhukumiwa kosa kubwa la jinai, au kosa la kumpiga mwenza wake hata liitwe dogo, amefungiwa. Na wale wanaosema "bangi huku ni halali", kwa jimbo lao labda. Kwa sheria ya shirikisho ya bunduki, mtumiaji wa bangi haruhusiwi.

#15 Mwana_Uvira

Duh. Sisi tulikuja kama wakimbizi na sasa tuna grinikadi, nashukuru umelisema wazi. Nitawaambia vijana wa kanisani, kuna wawili wana viza za shule.

#16 Mpemba_Milwaukee

Assalamu alaykum. Na sisi tunaotaka nyama ya halali? Yule mnyama ameshapigwa risasi, kuchinja kuko wapi?

#17 Ustadh_wa_Kando

Waalaykum salaam. Kulungu kwa asili ni halali. Kwenye mawindo unataja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua. Ukimkuta ameshakufa kwa risasi hiyo, wanazuoni wengi wa leo wanaihesabu kuwa ni mawindo halali. Ukimkuta bado yu hai, unamchinja. Mwenye mashaka amuulize sheikh wake, na asingoje mpaka awe ameshasimama juu ya mnyama.

#18 Babu_Dungu

Hapo kwenye "ukimkuta yu hai" ndipo ninapowaomba Waislamu wenzangu tutulie. Nimeona mtu ametoka na kisu wazi anakimbia kwenye theluji kumuwahi mnyama, bunduki begani ina risasi. Vitu viwili vya kuua na miguu inateleza.

Kwanza, ukishapiga, jaza tena, rudisha sefti, ngoja na uangalie. Akianguka msogelee kwa nyuma, upande wa mgongo, kwa sababu mateke yake yanakwenda mbele na pembe zake zina nguvu. Tazama mbavu kama zinapanda. Tazama macho: aliyekufa kwa kawaida macho yake huwa wazi. Mguse jicho kwa kijiti kirefu, akipepesa bado yupo. Kisu kinatoka alani ukiwa umeshasimama pale, bunduki umeshaitoa risasi na kuiweka kando.

La ziada juu ya nyama. Wisconsin ina ugonjwa wa kulungu unaoharibu ubongo, CWD, uligunduliwa hapa 2002. DNR wanapima bure kwenye vituo vyao, unapeleka kichwa. Ugonjwa haujathibitika kumwingia mtu, lakini ushauri wa wataalamu wa afya ni kutokula aliyegundulika nao. Mkigawana nyama mtaani, gaweni baada ya majibu. Na mnyama unamsajili kabla ya saa 11 jioni ya siku inayofuata, kwa simu au mtandaoni, inachukua dakika chache.

#19 Fundi_wa_Kassel

Nawasoma kutoka Ujerumani nacheka. Ninyi mnabishana Jumamosi mbili na dola 10? Huku mtihani wa uwindaji wenyeji wanauita kwa utani cheti cha kijani cha sekondari ya juu. Zaidi ya saa 100 za masomo: wanyama, magonjwa, mbwa, sheria, misitu, silaha. Kisha mtihani wa kuandika, wa mdomo, na wa shabaha. Gharama inapita euro elfu moja bila shida, na wanaofeli ni wengi. Mimi nilichokipenda ni pale mtahini anakupa bunduki: ukigusa triga kabla ya kukagua chemba, umefeli, nenda nyumbani, hata uwe ulijibu kila kitu.

#20 Mama_Kahama_Ontario

Kanada tuko katikati. Kozi ya usalama wa bunduki ni kitu kimoja, ya uwindaji ni kitu kingine, na leseni ya kumiliki bunduki inatoka serikali kuu kupitia polisi wa RCMP. Kwenye mtihani wa vitendo wanakuwekea bunduki mezani na kukuomba uzishike moja moja. Mdomo wa bunduki ukimpitia mtahini ukaendelea kama hukuona, alama zinakwenda. Wanawake tulikuwa wachache, lakini mikono yetu ilikuwa mitulivu kuliko ya waliokuja wakijua.

#21 Kitwana_Oljoro

Mama Kahama hilo dongo limenifikia 😂

#22 Mwana_Uvira

Wakuu nimejiandikisha darasani, Jumamosi ijayo naanza. Nimemwambia mzee wangu wa kazini, akasema yeye alizaliwa kabla ya 1973 kwa hiyo hakuwahi kusoma, lakini ameuliza kama anaweza kuja kukaa nyuma asikilize.

Swali: ana dungu mtini, amejenga mwenyewe kwa mbao miaka mingi iliyopita. Anasema ndipo nitakapokaa. Mko na neno?

#23 Babu_Dungu

Nina maneno mengi. Jina langu mnaliona.

Kuanguka kutoka madunguni ni miongoni mwa mambo yanayoumiza wawindaji wa kulungu zaidi nchi hii, na haihitaji risasi hata moja. Mbao za zamani zilizopigiliwa misumari kwenye mti unaoendelea kukua ndizo mbaya zaidi: mti unasukuma misumari, mbao zinaoza kwa ndani, juu zinaonekana nzima. Mwambie kwa adabu, yeye ni mzee na shamba ni lake, kwamba mwaka huu ungependa kukaa chini, kwenye kiti, mgongo kwenye mti mnene. Kulungu wanapigwa kutoka chini kila mwaka. Kama ana dungu la chuma la ngazi, mkague mikanda yake pamoja mchana, kabla ya msimu.

Ukipanda, vaa mkanda wa mwili mzima, ule wa mapajani na mabegani. Wa kiunoni peke yake ukining'inia unakubana pumzi. Unaufunga tangu unyayo unapoacha ardhi mpaka unaporudi ardhini, si ukishafika juu, kwa sababu wengi huanguka wakipanda na wakishuka. Viungo vitatu viguse ngazi muda wote. Bunduki haipandi na wewe: unaiacha chini bila risasi, unafunga kamba, unapanda, unajifunga, kisha unaivuta, mdomo ukiwa umeelekea chini, mbali nawe. Ukianguka ukabaki unaning'inia, rudi kwenye ngazi haraka au tumia kamba ya kukanyagia miguu. Kuning'inia muda mrefu bila kusogeza miguu kunaua.

Na vaa sufu ndani, si pamba. Pamba ikilowa jasho haikupi joto tena, na ukishaanza kutetemeka hata akili ya kuamua inapungua. Mwachie mke wako karatasi: niko sehemu gani, narudi saa ngapi.

#24 Mpemba_Milwaukee

Mzee na sisi tusio na rafiki mwenye shamba?

#25 Babu_Dungu

Kuna ardhi ya umma nyingi, misitu ya kaunti na ule wa taifa wa Chequamegon-Nicolet kaskazini. Ramani zipo bure kwa DNR. Ardhi ya mtu usikanyage bila ruhusa, hata kama kulungu wako amekimbilia huko akiwa na jeraha. Unaacha bunduki, unakwenda kugonga mlango. Wengi wanaruhusu. Akikataa, unampigia bwana nyama wa eneo lile mshauriane. Sisi wageni hasa, tusiwape watu sababu.

#26 Dada_Riziki

Mwana_Uvira, leseni yako ya kwanza ukiwa mkaazi itakuwa dola 5, usilipe bei kamili kwa kutojua. Hakikisha wamekuwekea kama mnunuzi wa mara ya kwanza.

#27 Mwana_Uvira

Dada Mungu akubariki, nilikuwa nimeshatenga zaidi.

La mwisho: mwanangu wa miaka 9 ameshasikia, sasa kila siku ananiuliza na yeye ataenda lini. Ile njia ya kwenda chini ya mtu bila cheti inamhusu?

#28 Babu_Dungu

Inamhusu. Hiyo ndiyo njia ya tatu uliyoambiwa mwanzo. Uwindaji wa chini ya mlezi hauna kikomo cha chini cha umri hapa tangu 2017, na si wa watoto peke yao, mtu mzima anaweza pia. Masharti: mlezi awe na miaka 18 au zaidi, awe na leseni ya mwaka huo, na awe na cheti isipokuwa alizaliwa kabla ya 1973. Awe mzazi wa mtoto, au mtu ambaye mzazi amemruhusu. Mlezi mmoja, mwanafunzi mmoja. Na lazima awe karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono muda wote. Si kumwona, kumfikia.

Kwa hiyo mzee wako hawezi kuwachukua wewe na mtoto kwa pamoja, wote bila cheti, mwaka huu. Ukishapata cheti chako na leseni, wewe mwenyewe unaweza kuwa mlezi wa mwanao kisheria. Mimi ningengoja. Mwaka huu mchukue aketi pembeni yako bila bunduki, avae machungwa, akusaidie kuangalia. Mwakani mpeleke darasani. Orodha ya madarasa ya majira ya kuchipua huanza kuonekana mapema mwakani, na ukinitumia ujumbe hapa nitakuambia yaliyo upande wetu.

#29 Kitwana_Oljoro

Babu, kuna darasa la ana kwa ana Texas pia? Naulizia rafiki.

#30 Babu_Dungu

Lipo. Angalia tovuti ya idara ya wanyamapori ya Texas, tafuta siku ya mafunzo ya uwanjani. Mwambie rafiki asivae kofia ya JKT.